Mkanda wa Baiskeli ya Moto

Juzi mjukuu wangu alisahau chupa ya mafuta ya nyonyo karibu na jiko. Ikapasuka, mafuta yakamwagikia makaa, na nyumba nzima ikakimbilia nje huku watu wakikohoa na kulaumiana. Mimi nilibaki palepale kwenye kigoda changu, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Mjukuu akarudi mbio akidhani nimepatwa na jambo. "Bibi, unalia?" Nikamwambia ni moshi. Ulikuwa moshi kweli, ila haukuwa wa jikoni kwake.

Ninyi wa rika langu, mliozaliwa Mdachi akiwa bado bomani, mafuta hayo mnayajua. Tulipakwa siku tuliyozaliwa, na mama zetu walikaa kutwa wakikaanga mbegu, wakizitwanga, wakizichemsha na kuengua yanayoelea juu. Lakini si wengi wenu mnaojua kwamba yakiungua ndani ya chuma yana harufu yake, tamu na kali kwa pamoja, na ukiinusa utotoni haikutoki tena. Kwetu ilitanda uani kwa miezi mingi, kwa sababu baba yangu alikuwa anaunda pikipiki.

Neno lenyewe lilikuwa bado halijafika kwetu. Tuliita baiskeli ya moto, na wengi waliiona mara moja tu, siku mlowezi mmoja Mdachi mwenye shamba la mpira alipopita nayo barabara ya Mkuyuni. Kuku waliruka juu ya mapaa, na mwanamke mmoja akautupa mtungi wake uliojaa maji. Masika hayohayo mlowezi akatumbukia nayo mtoni. Yeye alitoka, chuma kikalala majini siku kadhaa, na alipokiopoa kilikuwa kimepinda na kushiba mchanga. Akakitupa shimoni nyuma ya ghala lake. Baada ya muda Baba alikwenda kumtengenezea pampu ya maji, na alipoulizwa anataka nini kwa kazi hiyo, akasema anataka kile kilichomo shimoni. Mdachi alicheka mpaka akashika mbavu. Baba akakileta nyumbani kwa kapu, safari saba, na fremu akaibeba begani peke yake.

Baba hakuwa Mluguru. Alitoka Unyamwezi akibeba mizigo ya watu, na reli ilipofika Morogoro akaingia karakana kazi ya kuwashikia mafundi taa. Kwa kushika taa akajifunza kila walichokifanya mbele ya taa. Akamwoa Mama, na kama ilivyo desturi yetu akaja kukaa ukweni, juu ya ardhi ya ukoo wa Mama. Mambo yetu mnayajua: ardhi ni ya upande wa mama, watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mume ni mgeni aliyeletwa na jembe lake. Taabu ya Baba ilikuwa hilo jembe. Alilima matuta yaliyopinda, akayaacha katikati, akarudi uani kwenye chuma chake, na shamba akabaki nalo Mama.

Karakana yake ilikuwa nguzo nne na paa la nyasi. Fuawe lilikuwa kipande cha reli, mvukuto ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, na zana nyingine zilikuwa tupa mbili, nyundo moja, na jiliwa la kubania vyuma alilolichonga mwenyewe kwa mti mgumu. Kwa vitu hivyo alidai atakifanya chuma kilichokufa maji kipande mlima. Watu walipita kutazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Mimi sikutikisa kichwa. Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele tu wakati huo, lakini nilishaamua kwamba duniani hakuna mtu anayejua kitu chochote kumshinda baba yangu, na mpaka leo sijapata sababu kubwa ya kubadili mawazo.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kutu. Wengine wangeipiga nyundo. Baba aliomba mafuta ya nyonyo kwa Mama, akayapasha moto, akayamimina ndani, akaizungushia silinda majivu yenye makaa machache, kisha akawa anaigonga kwa mti laini, kidogo asubuhi, kidogo jioni, kama anayebisha hodi kwa mtu asiyetaka kumuudhi. Alifanya hivyo wiki tatu. Asubuhi moja akapiga ukelele. Mama akatoka mbio na mchi mkononi akidhani nyoka. Baba akamwonyesha: pistoni imesogea upana wa kidole. "Ni hiyo tu?" Mama akauliza. Wakatazamana, halafu wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka pamoja nao bila kujua tunacheka nini.

Baada ya hapo kila juma lilikuja na jambo lake. Tangi alilitengeneza kwa debe la mafuta ya taa, akalikata, akalikunja, akalitia risasi kwenye mishono mpaka halikuvuja hata tone. Fremu iliyopasuka aliiziba kwa shaba iliyoyeyushwa, kwa msaada wa unga mweupe aliopewa na sonara wa mjini. Vali alizisaga kwa mchanga mwembamba wa mtoni, akaumwaga, akaupepeta tena kama mwanamke anayepepeta ulezi, kwa sababu punje moja kubwa ingeharibu kazi ya siku tano. Mkanda wa kuzungusha gurudumu la nyuma aliufanya kwa ngozi ya nyati, safu tatu, ameushona kwa sindano na mikono yake ile minene, mishono imelingana yote. Nilikuwa nikiupapasa kwa kidole nikihesabu mishono mpaka hesabu yangu inaisha.

Siku chuma kilipowaka mara ya kwanza, kikiwa kimesimamishwa juu ya magogo na gurudumu likizunguka hewani, mbuzi wa kijiji walikata kamba. Moshi wa bluu wa yale mafuta ya nyonyo aliyolainishia injini ukajaa uani na harufu ile ikatuingia puani. Baba alisimama pembeni ameshika kiuno, uso mweusi kwa masizi, meno nje. Nilimpenda siku ile mpaka nikaumwa tumbo.

Sasa nieleze lililokuwa linatokota chini ya furaha hiyo, ingawa maneno yenyewe niliambiwa na Mama nilipokwisha kuwa mtu mzima. Mjomba Mbiki, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa mndewa, mkuu wa ukoo wetu. Siku moja alishuka kutoka kwake kilimani, akasimama mbele ya kibanda cha Baba wala hakutaka kukaa.

"Shemeji," alisema, "msimu wa pili huu dada yangu analima peke yake. Wewe unalima chuma."

"Kweli, Mndewa," Baba akajibu. "Sina la kubisha."

"Basi nisikilize. Binti yako Zaina ni mwali, yumo ndani, na mavuno yakiisha tutamtoa. Siku mwali anatoka, na wewe utoke. Rudi kwenu. Watoto ni wetu, hilo unalijua tangu ulipokuja kuposa."

Baba akaweka tupa chini. Kisha akauliza wazee watakutana lini kupanga ngoma ya mwali. Mjomba akasema siku tatu kabla, kwake kilimani.

"Siku hiyo nitakuja kwako nimepanda chuma hiki," Baba akasema. "Kikinifikisha mlangoni kwako, niache nikae na ufundi wangu. Kisipofika, hutapata taabu ya kunifukuza."

Mjomba alicheka, akasema chuma hicho kikipanda kilima chake, yeye mwenyewe atatafuta vijana wa kumlimia dada yake. Wakapeana mikono. Kwa hiyo Baba alikuwa anaunda kile chuma ili abaki nasi, na Mama alilijua hilo, na Bibi, mama yake Mama, alilijua. Mimi sikuambiwa wakati huo, kwa sababu mtoto wa umri wangu angelitangaza kisimani.

Mimi nilijua jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu: kiti. Baba alikishona kwa ngozi, akakijaza sufi, akakifunga juu ya fremu. Alipokwenda kuoga nilikipima kwa viganja vyangu. Mbele mpaka nyuma viganja vitatu. Nikajaribu kukaa na kuacha nafasi ya Mama nyuma yangu, haikuwapo. Nikajaribu kumwacha Zaina, nikamwacha Bibi, nikajiacha na mimi mwenyewe. Kila nilivyogawa, kiti kilitosha mtu mmoja. Nyuma yake Baba alifunga kijisanduku cha kutia zana na blanketi. Nani anayefunga blanketi kwenye chombo kama haendi kulala mbali? Nikaelewa, kwa akili ile niliyokuwa nayo, kwamba baba yangu anajitengenezea kitu cha kuturoka.

Sikumwambia mtu. Niliinyonya ile huzuni kama kokwa la ukwaju. Na siku mbili kabla ya wazee kukutana, Baba alipokwenda mjini kutafuta chupa mbili za petroli, niliingia kibandani, nikautoa mkanda wa ngozi ya nyati kwenye magurudumu yake, nikauzungusha kiunoni chini ya kaniki, nikaupeleka mahali pekee ambapo mwanamume hawezi kukanyaga. Niliupeleka kwa mwali.

Dada yangu Zaina alikuwa ametimiza miezi minane ndani, katika nyumba ndogo nyuma ya yetu, Bibi akimfunda na kumlinda. Baba mwenyewe hakuruhusiwa hata kusikia akikohoa. Mimi kwa udogo wangu niliingia na kutoka nikipeleka chakula. Bibi alikuwa na sharti lake kali: kinachoingia kwa mwali hakitoki mpaka mwali atoke. Bakuli likiingia, limeingia. Niliona hapo ndipo pa kuficha mkanda. Nikauchomeka chini ya mkeka, nikaenda kucheza, na kwa mara ya kwanza tangu kiti kile kishonwe nikala nikashiba.

Baba alirudi na petroli yake akiimba. Kuimba kulikatika ghafla. Alitafuta kibandani, akatafuta jalalani, akawauliza majirani kama mbwa wao wameonekana na ngozi mdomoni. Ngozi nyingine ya nyati haikuwapo, na hata ingekuwapo ilitaka siku kumi na tano kukauka na kushonwa. Asubuhi yake nikamkuta ameketi kibandani ametulia, tupa zake zimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa akikunja blanketi.

"Baba, unakwenda wapi? Chuma si hakiendi?"

"Nina miguu, mama," akasema. "Nilikuja kwa miguu."

Mama alikuwa mlangoni. Aligeuka akaingia ndani, na nikamsikia akilia kwa sauti ya kujiziba. Hapo nikajua nimekosea, ingawa sikujua nimekosea wapi. Nilikuwa nimemfungia Baba mlango, na yeye anapita dirishani! Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikamwangukia Bibi miguuni, nikamwambia yote.

Bibi alinipiga kofi moja safi, halafu akakaa chini na kunieleza habari ya mapatano na Mjomba. Nilimwomba mkanda.

"Umeingia kwa mwali," akasema. "Sikuutia mimi. Ukitoka kabla ya siku yake, mimi ndiye nitakayeulizwa, na dada yako ndiye atakayepatwa. Hautoki."

"Bibi, Baba anaondoka leo!"

"Nimesikia. Hautoki."

Sauti ikatoka gizani, taratibu, maana mwali hapazi sauti. "Bibi," Zaina alisema, "mkeka niliosuka si ulitoka? Na vikapu?"

Bibi akafikiri. "Hivyo hukuingia navyo. Umevifanya humu kwa mikono yako. Vya mkono wako ni vyako, unampa umtakaye."

"Basi naomba ile katani ya kamba."

Bibi alimtazama muda. Kisha akasema macho yake yameingia ukungu tangu jana, akageukia ukuta.

Katika maisha yake yote dada yangu alishika kitu cha mashine mara hiyo moja tu. Aliutandaza mkanda wa Baba juu ya mkeka kama kipimo, akaugusa kila ukingo, akaupinda, akauliza maswali ambayo mimi sikuyajibu vizuri: unakaa kwenye mfereji au juu bapa? Unabanwa kwa pembeni? Mimi nikaeleza kwa vidole. Akachambua nyuzi za katani, akazisokota kwenye paja, akasuka nyuzi nane kwa mviringo, zikikazana kwa zamu, unene uleule na urefu uleule, na mahali pa kuunganisha akazirudisha ndani ya msuko mpaka usingejua mwanzo wala mwisho. Vidole vilipochubuka aliviramba akaendelea. Alisuka kutwa hiyo na asubuhi iliyofuata. Mama, ambaye nilimwambia, alimzuia Baba kwa kila hila ya mwanamke: mara kuna mzigo wa kuni, mara paa linavuja, mara ale kwanza. Baba alitengeneza paa ambalo halikuvuja. Mwishoni Zaina akanituma utomvu wa mpira, akaupaka upande wa kushika gurudumu, akanipa.

Wazee walikuwa wameshaanza kupita barabarani kuelekea kwa Mjomba nilipofika kibandani. Baba aliupokea mkanda, akaukagua mbele na nyuma, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ulilia kidogo, haukurefuka.

"Nani kapima hivi?"

"Zaina. Kwa ule wako." Na nikamwambia. Nilimwambia habari ya kiti na viganja vitatu, na blanketi, na mkanda chini ya mkeka. Nilingoja kipigo. Baba alichuchumaa akanitazama machoni, uso wake ukabadilika namna nisiyoweza kuisoma. Hakunigusa. Akasema tu, "Shika gurudumu, tuuvishe."

Alikisukuma chuma mbio barabarani, akarukia kiti, chuma kikakohoa, kikakohoa tena, kikaitika. Tulimfuata kijiji kizima. Kilima cha Mjomba ni kile chenye mawe makubwa, wanaokijua wanakijua. Katikati injini ikaanza kuishiwa pumzi, watu wakaguna, na Baba akakanyaga pedali, maana baiskeli za moto za siku zile zilikuwa nazo, ili kusaidia, miguu ikizunguka, jasho likiruka, na mkanda wa katani ukaling'ata gurudumu haukuteleza hata kidogo. Mngeona! Mtu aliyefika kwetu na mzigo wa wengine kichwani, anapanda mlima juu ya chombo alichokifanya mwenyewe, kwa debe, shaba, mafuta ya mkewe na msuko wa binti yake. Akafika mlangoni. Wazee walisimama. Mjomba Mbiki alivua kofia yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na mpaka leo namheshimu kwa kofia ile.

Baba hakushuka. Alizunguka uwanja mara moja, akapita katikati yetu, akashuka kilima na kuishika barabara ya mjini. Wakasema anajionyesha, ana haki. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama barabarani mpaka mlio ukaisha, nikabaki nimesimama. Jua lilipoanza kugusa mlima, mlio ukarudi. Alishuka, akamsalimu Mjomba kwa heshima zote, akala na wazee. Vijana wa ukoo wakalima shamba la Mama msimu ule na misimu iliyofuata, na Baba akawa fundi wa kila kitu kilichovunjika kati ya Mkuyuni na mjini, mpaka askari walipopita wakati wa vita wakakichukua chuma chetu. Yeye mwenyewe alibaki.

Miaka mingi baadaye, yeye akiwa mzee kitandani na mimi nikimuuguza, nilimkumbusha ule mkanda ili acheke. Nikasema, "Baba, nilikuwa mjinga. Nilidhani unatuacha."

Hakucheka. "Hukuwa mjinga, mama," akasema. "Nilikuwa nimekwenda."

Nikaacha kumkanda miguu.

"Sikutaka kufukuzwa," alisema. "Nilitaka nishinde kwanza, halafu niondoke mwenyewe. Nilipofika mlangoni kwa mjomba wako nikaona nimeshinda, nikageuza nifuate reli hadi kwetu. Nilivuka Bigwa, karibu na mjini. Nikasimama kuongeza mafuta, nikakitazama kile chuma, nikasema kwa sauti: kimepanda! Kukawa kimya. Sikuwa na mtu wa kumwambia."